Boila Huchaguliwa Kwenye Ramani: Maji ya Moto katika Nyumba za Dagoretti Corner

Swali ambalo mwenye nyumba huuliza akifika dukani ni hili: boila ipi ni nzuri? Muuzaji humtajia lita, wati na bei, naye huondoka na kasha lake. Mada hii inashikilia kwamba swali hilo, likiulizwa dukani, limeulizwa kwa kuchelewa. Kila chombo cha kupasha moto maji ya kuoga kina deni ambalo kinaidai nyumba. Shawa ya umeme inadai waya mnene. Boila ya tangi inadai nafasi ukutani na watu wanaokumbuka kuzima swichi. Hita ya sola inadai paa, ukuta unaobeba uzito na bomba la pili hadi bafuni. Hita ya gesi inadai hewa. Nyumba iliyokwisha kupigwa plasta na vigae haiwezi kulipa madeni hayo bila kubomolewa, ndiyo maana wengi huishia na kile ambacho kuta zao zinaruhusu hata kama mahitaji yao ni mengine. Uamuzi huu una mahali pake, napo ni kwenye ramani, kabla ya mfereji wa kwanza kuchongwa ukutani.

Tuanze na hali ya hewa, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako papa hapa Dagoretti Corner, Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda siku nzima, na alfajiri baridi hukaribia nyuzi 11 au 12. Mahitaji ya maji ya moto hupanda katika miezi ile ile ambayo jua hupungua. Februari, kila mita mraba ya paa hupokea zaidi ya uniti 6 za nishati kwa siku. Julai hupokea takriban 4. Kwa hiyo chombo kinachosifiwa Februari hakijathibitisha chochote. Anayetaka kujua kama boila inamfaa aipime kwa Julai.

Tuchukue shawa ya umeme ya wati 5,500, ambayo ndiyo imeenea katika nyumba za kupangisha kutoka Riruta hadi Kabiria. Tuseme maji yaliyo kwenye tangi la juu yana nyuzi 17 Julai na nyuzi 22 Februari, na mtu anataka kuoga kwa nyuzi 39. Shawa hiyo itatoa lita 4.6 kwa dakika Februari, na lita 3.6 tu Julai. Ni kifaa kile kile na umeme ule ule, lakini mtiririko umepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Mpangaji anayelalamika Julai kwamba shawa yake imeharibika mara nyingi ana shawa nzima kabisa. Akioga kwa dakika nane hutumia lita 29 na robo tatu ya uniti. Kwa bei ya shilingi 28 kwa uniti, ambayo naichukua kwa ajili ya hesabu tu, hizo ni kama shilingi 21. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku, tokeni zinazokwenda bafuni zinakaribia shilingi 2,500 kwa mwezi wa baridi.

Hata hivyo shawa ya umeme ina sifa ambayo haitajwi vya kutosha: haichemshi tone ambalo halitatumika. Boila ya tangi ya lita 80 huhitaji uniti 4 kuyatoa maji kutoka nyuzi 17 hadi 60, yaani saa moja na dakika ishirini kwa hita ya kilowati 3. Maji hayo, yakichanganywa na ya baridi, huwatosha watu wanne au watano wanaooga kwa kufuatana, na kwa familia ya namna hiyo ni chombo kizuri. Lakini tangi likiachwa swichi ikiwa imewashwa kutwa kucha, hupoteza uniti moja hadi mbili kwa siku kupitia kuta zake. Kwa mtu anayeishi peke yake, hasara hiyo inazidi nishati ya kuoga kwake. Kumwekea mpangaji wa chumba kimoja boila ya lita 80 kwa kudhani kwamba ni hadhi ya juu ni kumuongezea bili. Na wale wanaopunguza kipimo cha joto hadi nyuzi 45 ili kuokoa umeme wajue kwamba maji vuguvugu yanayokaa tangini huweza kuzalisha bakteria wanaoshambulia mapafu. Maji ya kuhifadhiwa yanapaswa kufikia nyuzi 60.

Sasa tuje kwenye waya, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza maisha. Wati 5,500 kwa volti 240 ni ampea 23. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule unaotumika kwa soketi za kawaida, ukiwa ndani ya paipu ukutani umefika ukingoni mwa uwezo wake kwa mzigo huo. Shawa inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, wa milimita mraba 4 na afadhali 6, pamoja na swichi yake inayokata nyaya zote mbili. Kinachotokea mahali pengi ni kwamba fundi huunganisha shawa kwenye waya uliokuwepo, na fyuzi inapokatika mara kwa mara, humwekea mteja kubwa zaidi. Hapo ameiondoa kinga ya waya na kuuacha waya wenyewe uwe fyuzi. Dalili zake zinaonekana kwa macho. Swichi ya nje ya bafu hubadilika rangi kutoka nyeupe kuwa kahawia upande mmoja, kwa kawaida pale skrubu inapobana waya. Kuna harufu ya plastiki iliyoungua inayosikika dakika ya tatu au ya nne ya kuoga, na taa za sebuleni hufifia kila shawa inapowashwa. Kuoga katika nyumba yenye dalili hizo ni hatari, hata kama maji yanatoka ya moto vizuri.

Hatari huongezeka kulingana na maji yenyewe. Eneo hili hupata maji ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi kwa mgao, na siku za ukame wengi hutegemea visima virefu na maboza. Maji ya visima hivyo hubeba chumvichumvi nyingi kuliko maji ya mito yanayotoka bwawa la Ndakaini, na kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo maji yanavyopitisha umeme kwa wepesi. Shawa ambayo koili yake iko wazi ndani ya maji haifai hapo. Inatakiwa ile ambayo koili imefunikwa, ambayo wauzaji huiweka kando kama ya maji ya chumvi. Zaidi ya hayo, waya wa ethi uunganishwe kweli kweli, na bodi iwe na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kiasi cha miliampea 30. Fundi anayekata waya wa ethi na kuukunja nyuma ya shawa kwa sababu maji yanatoka moto hata bila huo, amemwachia mwoga kazi ya kuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Gesi inataka maneno machache. Kwa hesabu, mtungi wa kilo 13 ukinunuliwa kwa shilingi 3,200, kila uniti ya joto linalofika majini hugharimu karibu shilingi 24, tofauti ndogo na umeme. Lakini hita ya gesi ndani ya bafu lisilo na hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa ameketi. Pahali pake ni veranda iliyo wazi au ukuta wa nje. Nyumba isiyo na ukuta wa namna hiyo haina haki ya kuwa na hita ya gesi, hata ikipatikana kwa nusu bei.

Inabaki sola. Paneli ya mita mraba 2 inayofanya kazi kwa asilimia 40 itatoa uniti 3.2 kwa siku ya wastani ya Julai. Familia yetu ya watu wanne inahitaji uniti 3. Februari itatoa 4.8 ilhali wanahitaji 2.3. Basi hoja kwamba sola haifanyi kazi Nairobi wakati wa baridi ni ya kweli nusu: kwa wastani inatosha kwa shida, na zikija siku tatu za mawingu mfululizo haitoshi, kwa hiyo hita ya umeme ya kusaidia lazima iwepo ndani ya tangi. Kuna jambo la kitaalamu linalosahauliwa hapa. Vitabu vingi vya maelekezo hutoka nchi za kaskazini na husema paneli ielekezwe kusini. Sisi tuko kusini kidogo mwa ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, karibu nyuzi 25 kutoka utosini. Paneli inayotazama kusini hapa Dagoretti Corner imelipa mgongo jua la miezi ile ambayo tunalihitaji zaidi. Ielekezwe kaskazini, na iinuliwe nyuzi 15 hadi 20.

Pingamizi kubwa ni gharama, na ni pingamizi la haki. Tukichukua mtambo wa shilingi 150,000, na tukisema unaokoa nne kwa tano ya umeme wa kuoga, familia hiyo itaokoa karibu shilingi 21,000 kwa mwaka. Fedha hurudi baada ya miaka saba. Kwa anayekaa nyumbani kwake, mtambo unaodumu miaka 15 ni faida. Lakini katika nyumba za kupangisha, anayelipa 150,000 ni mwenye nyumba, na anayeokoa 21,000 ni mpangaji. Si ajabu kwamba shawa ya shilingi elfu chache ndiyo hushinda. Kanuni za Kenya za kupasha maji kwa sola za mwaka 2012 zilijaribu kulitatua hilo kwa amri: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liwe na hita ya sola itakayotoa angalau asilimia 60 ya mahitaji kwa mwaka, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka 5. Asilimia ile ilikuwa ya busara, kwa sababu ilikubali kwamba kuna Julai. Kasoro, kwa maoni yangu, ilikuwa kuyadai majengo ya zamani, yaliyokosa bomba na nafasi, jambo lile lile lililodaiwa majengo mapya.

Ningependekeza dai dogo zaidi ambalo mwenye nyumba hawezi kulikataa kwa sababu ya fedha: kila ghorofa linalojengwa sasa liwekewe bomba la maji ya moto lililofunikwa, waya wa milimita mraba 6 hadi kila bafu, na sehemu ya paa yenye nguvu ya kubeba kilo 300 kwa kila mtambo wa lita 200 uliojaa. Wakati ukuta uko wazi, hiyo ni kazi ya siku chache. Sola yenyewe inaweza kuja baada ya miaka kumi.

Wengine watauliza: paa la ghorofa sita lenye nyumba 24 litatoa wapi nafasi, nalo lina matangi na kamba za nguo? Hawajakosea. Tena kuna kikwazo cha pili. Bomba la mita 20 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 hubeba lita 4 za maji yaliyopoa. Mpangaji wa chini atazimwaga kila anapooga, katika mji wa maji ya mgao. Kwa ghorofa ndefu, basi, sola ihudumie nyumba za ghorofa mbili za juu. Nyumba hizo ndizo zinazoteswa zaidi na shawa ya umeme, kwa kuwa tangi liko karibu mno na vichwa vyao, na shawa nyingi haziwaki bila kimo cha mita moja ya maji juu yake. Nyumba za chini zenye presha nzuri zibaki na shawa za umeme, kila moja na waya wake. Na hita ya kusaidia iliyo ndani ya tangi la sola iunganishwe kwenye mita ya mpangaji anayeoga maji hayo. Ikiunganishwa kwenye mita ya ngazi na taa za nje, mwenye nyumba ataizima Julai ya kwanza.