Mwembe wa Uani

Barabara ya Kigoma mjini kwenda Ujiji ina miembe mikongwe ambayo wenyeji huihusisha na misafara ya pembe na watumwa. Inasimuliwa kuwa chini ya mwembe wa Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, mwaka 1871. Mwembe wa uani, hata hivyo, una hesabu yake ya faida na hasara.

Jua la Septemba, saa nane mchana, nyumba ya bati isiyo na mti ni tanuri. Kivulini dagaa huchambuliwa, bao huchezwa, wageni hupokelewa.

Kisha mvua huanza, na upepo wa ziwani. Tawi lililooza haliulizi bati ni la nani. Maembe yaliyoanguka hulea nzi wa matunda, yule mgeni aliyeingia nchini mwaka 2003. Na jirani? Majani yako, ufagio wake.

Kuukata mwembe naona ni pupa. Pogoa baada ya mavuno, zika matunda mabovu kina cha nusu mita. Anayepanda leo achukue mche uliobebeshwa, haurefuki sana, auweke mita kumi kutoka ukutani. Viwanja vya Mwanga, hapo Kigoma mjini, najua, mita kumi vitazitoa wapi? Huko mpapai unatosha.