Kuondoka Kabla ya Kuondolewa

Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana, ndani ya bwalo la shule. Tumeyachapa kama alivyoyasema. – Mhariri



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya kazini. Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya kupata kazi, na wamesema vizuri. Mimi nitasema juu ya kuiacha. Jambo hili halisemwi sana katika mikutano ya namna hii, kwa sababu kila mmoja wetu hupenda aonekane pale alipopanda, si pale alipoteremka. Lakini naamini wamo humu bwaloni watu wazima ambao kila Jumapili jioni matumbo huwauma kwa kuifikiria Jumatatu. Nasema nao kwanza. Vijana nanyi sikilizeni, maana zamu yenu yaja.

Mimi nilikuwa mtunza bohari, au stoo kipa kama tulivyoitwa, katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Jina lake nitaliacha. Niliingia Januari 2007. Kazi yangu ilikuwa kupokea saruji, nondo na mabati, kuhesabu, kuandika katika leja na kutia sahihi. Mtakumbuka mwalimu wetu wa hesabu alivyokuwa akitupa sifuri kwa jibu sahihi lisiloonyesha njia. Tulimnung'unikia sana. Huko bohari ndiko nilikomshukuru, kwa kuwa kazi nzima ya bohari ni kuonyesha njia: mali imetoka wapi, imekwenda wapi, na nani ameshuhudia.

Miaka sita ilipita salama. Mwaka 2013 akaja meneja mpya. Siku moja lori lilileta mifuko 520 ya saruji, na hati ikasema 600. Nikaandika 520. Meneja akaniita ofisini, akaniambia kwa upole kabisa, "Bwana, andika kama hati inavyosema. Hiyo 80 itakuja kesho." Nikamjibu kwamba ikija kesho, nitaiandika kesho. Alicheka, nami nikarudi kazini nikidhani yamekwisha.

Ndugu zangu, mateso ya kazini mara nyingi hayaji na rungu. Yalianza na mambo madogo. Likizo yangu ikasogezwa mara tatu. Nikipeleka taarifa asubuhi, naulizwa mbele ya madereva na vibarua kwa nini sikuileta jana. Nilipewa barua ya onyo kwa kuchelewa dakika kumi, siku ambayo mvua ilikuwa imeziba barabara na nusu ya wafanyakazi walichelewa. Barua nikaipata peke yangu. Kidogo kidogo nikawa mtu mwingine. Nilihesabu mifuko ile ile mara tatu, kwa kutoyaamini macho yangu mwenyewe. Nyumbani nikawa mkali. Usiku mmoja mtoto alimwaga chai juu ya daftari langu, nikamkaripia hata mama watoto akanitazama, akasema, "Huyo unayemkaripia hayumo humu ndani." Nikanyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Mwezi wa Mei 2015 meneja akaniita tena. Juu ya meza palikuwa na karatasi tupu na kalamu. Akasema, "Bwana, wakubwa hawakutaki. Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, nami nitakupa cheti kizuri. Ukingoja utafukuzwa, na stoo kipa aliyefukuzwa, nani atampa tena funguo?"

Nakiri mbele yenu kwamba mkono wangu uliifikia kalamu ile. Maneno yale yalinipata mahali pabaya, kwani mtunza bohari hana mali nyingine ila jina lake. Sijui kilichonizuia. Nikamwomba siku tatu za kufikiri.

Siku ile ile jioni nilikwenda kwa mzee mmoja wa chama chetu hiki, ambaye sasa ni marehemu. Alifanya kazi za chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hayo aliyokuambia, ameyaandika?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hujaambiwa kitu bado."

Alinieleza mambo ambayo baadaye niliyasoma mwenyewe katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mimi si mwanasheria, lakini nitawagawia machache kwa manufaa ya wote.

Kwanza, cheti cha utumishi si zawadi ya meneja. Ajira ikikoma, mwajiri anawajibika kukitoa. Kumbe nilikuwa nauziwa kilicho changu.

Pili, kiinua mgongo. Mwajiri akikuachisha baada ya kumtumikia mwaka au zaidi, sheria inamdai akulipe mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka ukomo wa miaka 10. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka 8, yaani siku 56. Anayeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi hazipati hizo. Aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hazipati pia.

Tatu, kufukuzwa si jambo la kupiga kidole meza. Mwajiri sharti awe na sababu ya haki na afuate utaratibu. Anayeshitakiwa kwa kosa huelezwa kosa lake, hupewa muda wa kujiandaa, na anaweza kusaidiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Vijana mjue tu kwamba ulinzi huu dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6.

Nne, mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata ukalazimika kuiacha, sheria yaweza kuhesabu kwamba ni yeye aliyekuachisha. Lakini wewe ndiwe utakayetakiwa kuonyesha hayo, nawe utaulizwa: ulilalamika kwanza? Wapi? Lini? Na mlalamiko wa kuachishwa isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Jambo la tano lilikuja baadaye. Tangu 2018 sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii zimeweka fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Nalo halimfikii aliyejiuzulu kwa hiari yake.

Mzee akamalizia, "Mtu anayekusukumia kalamu anakuomba umpunguzie kazi."

Siku ya tatu nikarudi kwa meneja, nikamwambia, "Sitaandika leo. Kama kuna kosa, niandikieni." Kisha nikaandika barua ya malalamiko, nakala mbili, moja nikaigongesha mhuri wa kupokelewa. Nikanunua daftari la shilingi chache, nikawa naandika kila jioni nyumbani: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwapo. Hati za kampuni sikuzichukua, kwa kuwa ni mali ya kampuni, na ningejitengenezea kosa kwa mkono wangu. Nyumbani tukapunguza matumizi, tukaweka akiba ya kodi na chakula cha miezi mitatu.

Barua yangu haikujibiwa. Agosti nikatakiwa tena kupokea kwa maandishi mali ambayo sikuiona kwa macho. Hapo ndipo nilipoamua, na nataka mwelewe nilivyoamua. Nilijiuliza: ninalotakiwa ni jambo gumu, au ni jambo baya? Mkubwa mkali huvumilika. Huchoka, hustaafu, huhamishwa. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkali nikajifunza kwake. Lakini anayeitaka sahihi yako juu ya uongo hachoki mpaka aipate, na akishaipata, wewe ndiye mwizi. Septemba 2015 nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa mwenye mshahara wa mwezi, nikaifanya kazi yangu mpaka siku ya mwisho, nikachukua cheti, nikaondoka.

Tume sikwenda. Mzee alisema ninayo hoja. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikaa bila kazi miezi saba, na katika miezi hiyo siku zile 56 nilizikumbuka kila mwisho wa mwezi. Hata hivyo nililala usingizi. Baadaye nikapata kazi ya bohari ya shule moja Kibaha, ambako waliniuliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza. Niliwaambia kwa sentensi moja, bila kumtukana mtu, wakanipa funguo.

Ningeweza kukaa hapa, nanyi mkanipigia makofi. Lakini bado sijasema kilichonileta.

Bohari nilikuwa na msaidizi. Alisoma hapa hapa, miaka minane nyuma yangu, na mimi ndiye niliyemwingiza kazini. Siku ya makabidhiano tulihesabu kila kitu, mfuko kwa mfuko, akatia sahihi, nami nikatia. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Lakini sikumwambia juu ya ile mifuko 80. Sikumwambia atakachoombwa nikishatoka mlangoni. Nilijidanganya kwamba bado kijana, kwa nini nimtie hofu. Ukweli ni kwamba niliogopa neno lisije likamfikia meneja kabla sijashika cheti changu mkononi.

Desemba akaambiwa kwa upole ule ule, "Andika kama hati inavyosema." Akaandika. Januari 2016 wakaja wakaguzi, upungufu ukaonekana juu ya jina lake, akafukuzwa. Alikuja kwangu mwezi wa Machi. Zile siku 30 za Tume zilikuwa zimepita, wala hakujua kwamba zipo. Akaniuliza, "Kaka, ulijua?"

Nikamjibu, "Nilijua."

Alikaa muda mrefu akitazama sakafu, kisha akaaga kwa heshima, kama tulivyofundishwa hapa. Heshima ile ilinichoma kuliko tusi lolote. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kusimama tena. Leo ana duka lake la vifaa vya ujenzi, yumo humu bwaloni, na ndiye aliyesema hadithi hii niieleze yote au niiache yote. Tunatembeleana. Ila dukani kwake mifuko huhesabu mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akiniuliza leo, "Niondoke kabla sijafukuzwa?" simjibu ndiyo wala hapana. Namuuliza matatu. Unalotakiwa kazini ni gumu, au ni baya? Una nini mkononi: umelalamika kwa maandishi, una akiba ya miezi mingapi? Na la tatu, ambalo mimi sikujiuliza: ukitoka, nani anakikalia kiti chako, na amejua nini? Kama la kwanza ni baya, ondoka, lakini ondoka kwa tarehe uliyoipanga wewe, si kwa hasira ya asubuhi moja. Na kabla hujafunga mlango, mwambie anayebaki. Mwambie ana kwa ana, hata kama sauti inatetemeka. Makabidhiano ya funguo bila makabidhiano ya ukweli ni nusu ya makabidhiano.

Nanyi vijana, mtakapopata kazi ya kwanza, mtashukuru sana hata mtie sahihi chochote mtakachowekewa mbele. Hesabuni kwanza. Mkiona 520, andikeni 520.

Baada ya mkutano nitakuwa chini ya mwembe ule wa karibu na bweni. Kama yupo mwenye barua ya kuacha kazi mfukoni, asiipeleke Jumatatu kabla hatujazungumza. Na kama yupo mkubwa humu mwenye msaidizi ambaye hajamwambia jambo fulani, yeye asingoje hata mwembe.