Rekodini Kazi, Jukwaa Mtalikuta

Ukitoka Kigoma mjini ukashika barabara ya Manyovu, hukawii kufika Mwandiga. Hapo ndipo mlima na ziwa wanapouziana. Ndizi, maharage na kahawa vinateremka kutoka Kalinzi na Manyovu, dagaa na migebuka wanapandishwa kutoka Kibirizi, na katikati ya yote yamepangwa madumu ya mawese, mekundu hadi yanakaribia weusi. Utasikia Kiha, utasikia Kirundi, na Kiswahili cha Wamanyema wa Ujiji nacho hakikosi mtu. Anayetaka kuujua utamaduni wa mkoa huu aanzie hapo sokoni. Lakini sisi tukitaka kuuenzi, tunakodi maturubai.

Tamasha la utamaduni mnalijua lilivyo. Mgeni rasmi anasubiriwa mpaka jua linapinda. Kikundi cha ngoma kimeshonewa sare na kupewa dakika tano, na mshereheshaji anaongea juu ya wimbo badala ya kuuacha uimbwe. Picha zinapigwa, soda zinanywewa, watu wanatawanyika. Siyachukii matamasha, jamani, pilau yake nimeila. Ila kesho yake muulize yeyote aliyekuwepo: ule wimbo ulikuwa wa kazi gani? Aliyeufundisha ni nani? Huimbwa saa ngapi, na nani haruhusiwi kuuimba? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Chukua hayo mawese. Mkungu wa chikichi ukishakatwa huachwa siku kadhaa mpaka matunda yalegee, ndipo yanachambuliwa na kuchemshwa kwenye pipa. Yanapondwa au kukamuliwa kwa mashine ya kusukumwa kwa mkono, kisha mafuta yanarudi jikoni mara ya pili ili maji yatoke. Sasa mtazame mama aliye kwenye hayo mafuta. Hana kipimo chochote. Anaongea na jirani, anamkemea mtoto, lakini sikio liko kwenye sufuria. Maji yakiwa bado yamo, mafuta yanatatarika. Yakinyamaza, yameiva, anavuta kuni. Akichelewa, yanaungua, akiwahi, yatachacha ndani ya dumu na mnunuzi hatarudi. Huo ni ujuzi wa sikio, na jukwaani hauonekani. Redio ingeweza kuunasa kwa kinasa sauti kimoja na subira ya nusu siku.

Na muda tulionao si mrefu. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoisimamia kampeni ya kufufua chikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu ya Tenera, yenye nyama nyingi na gamba jembamba kuliko Dura ya wazee wetu. Ni jambo jema, mkulima apate pesa. Lakini zao likibadilika na mashine ikibadilika, kazi nayo inabadilika. Kina mama wanaokaa kivulini kupasua mise, kokwa za chikichi, kwa jiwe wana hadithi, vitendawili na masengenyo yanayokwenda na lile jiwe. Mashine ya kupasulia ikifika, na ifike upesi, maana vidole vinaumia, masengenyo yatahamia kwingine. Vitendawili sina hakika navyo.

Tusidhani kwamba mkoa huu haujaandikwa. Umeandikwa sana, ila na wapita njia. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Burton alipoeleza safari yao ya mitumbwi ziwani, uimbaji wa wapiga makasia ulimkera. Kwake ulikuwa vilio na makelele. Mtu aliyekerwa ndiye shahidi wetu! Kwake tunajua kuwa mmoja alianzisha na wengine wakaitikia. Mwanzishaji alikuwa nani na nani alimfundisha, hayo hayakumhusu Burton. Kisha mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone pale pale Ujiji, na leo pana makumbusho, pana mnara, pana na miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa siku hiyo. Mwembe umepata ukoo unaotajwa kuliko wapiga makasia. Hata kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiha, chenye masimulizi ndani yake, kimeandikwa na Mfini, Lotta Harjula, kikachapishwa Ujerumani mwaka 2004, kwa Kiingereza. Namshukuru kwa dhati. Lakini mzee wa Mwandiga hawezi kukisoma.

Wapo wanaosema dawa ni serikali na UNESCO. Tanzania iliridhia mkataba wa urithi usioshikika mwaka 2011, sawa. Lakini tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo ya Manyovu. Mwaka 2014 ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya dunia, na Warundi wakastahili kufurahi. Oktoba 2017 ikatoka amri ya Rais Pierre Nkurunziza: wanawake wasizipige ngoma hizo kabisa, na anayezitaka nje ya shughuli rasmi aombe kibali na alipie. Ngoma ikasifiwa, kisha ikafungiwa ofisini. Ndiyo maana naogopa kidogo ninaposikia utamaduni wetu unataka "kuratibiwa". Ukishapata mratibu, atatokea na wa kuukataza.

Mwaka 2012 wasanii wa Kigoma All Stars walitoa wimbo "Leka Dutigite", na nchi nzima ikatamka Kiha bila kibali cha mtu. Vijana wale hawakungoja semina.

Basi nanyi msingoje. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa likifungwa, mvuvi yuko nyumbani, ana muda na ana maneno. Kijana mwenye simu, mfuate babu yako aliyevua dagaa kwa karabai, mfuate bibi yako kwenye mawese. Muombe ruhusa kwanza. Taja jina lake, kijiji na tarehe kabla hajaanza. Muulize alifundishwa na nani. Mwache aongee Kiha chake bila kumsahihisha, na akinyamaza usizime, ndipo anapokumbuka. Nakala ya kwanza ni ya familia yake. Ya pili ipelekeni shule ya kata yenu, na jina lake liandikwe juu.