Mwaka wa Kwanza wa Mtoto

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wazazi na walimu. Twayatoa hapa kama yalivyosemwa.)

Tuliombwa tuseme habari za malezi. Lakini habari za malezi ni nyingi mno, nasi tumechagua mwaka wa kwanza tu, kwa kuwa binti yetu ameutimiza mwezi uliopita na mambo yake tungali tunayakumbuka vema. Twasema kama baba. Wako watu wasemao kwamba mambo ya mtoto anyonyaye ni ya wanawake, na kwamba baba humjua mwanawe akisha kuwa na miguu ya kutumwa dukani. Sisi hatuyakubali maneno hayo, na mtaona kwa nini.

Kwanza yafaa mjue kwamba mwaka huu si mwepesi. Utafiti wa nchi nzima uliofanywa hapa Tanzania mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai, 99 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 33. Hayo ni maendeleo makubwa, na mwenye kuyadharau hajapata kuzika mtoto. Walakini katika hao 33, wapatao 24 walikufa katika mwezi wa kwanza. Basi hatari kubwa iko mlangoni kabisa, wakati mtoto bado yu ndani na mama bado ana uchovu wa uzazi.

Wazee wetu waliyajua hayo bila ya kuhesabu. Ndiyo maana waliweka arobaini, mama na mtoto wakae ndani, wageni wasije wengi, na kazi nzito ya mama ifanywe na wengine. Twaona desturi hiyo ina akili nyingi. Lakini wengine huifanya kuwa kisingizio cha kutompeleka mtoto kupimwa. Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio akisha kuzaliwa tu, na yafaa aonwe tena na muuguzi siku ya tatu, na tena katika wiki ya pili. Chanjo zifuatazo huanza akiwa na wiki 6. Hesabuni wenyewe: wiki 6 ni siku 42. Arobaini ikiisha leo, kesho kutwa mtoto yuko kliniki. Desturi na chanjo hazikugombana hata kidogo. Wanaozigombanisha ni watu.

Katika siku hizo za kwanza mama hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, na katika nyumba nyingi bado yako mashauri ya kuyakamua na kuyamwaga, ati ni machafu. Si machafu. Yana kinga ya maradhi, na hakuna duka liuzalo kitu cha namna hiyo. Binti yetu alizaliwa na kilo 3.1, na siku ya nne akapimwa kilo 2.9. Nyumba nzima ikaingiwa na hofu, na shangazi yake akataka apewe maji ya sukari. Muuguzi akatueleza kwamba watoto wengi hupungua kidogo katika siku za kwanza, kisha hurudi kwenye uzito wao wapata wiki ya pili. Akarudi kweli. Mwezi wa tano alikuwa kilo 6.4, mara mbili ya uzito wa kuzaliwa na zaidi, na kwa miezi 6 hakunywa ila maziwa ya mama yake, wala maji hakupewa. Wapo waliotuambia kwamba kumnyima mtoto maji katika joto kama hili ni ukatili. Tuliwajibu kwa kadi ya kliniki.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kiswahili chetu kina maneno mazuri ya safari hii ya mtoto: hucheka, hukaza shingo, hugeuka, hukaa kitako, hutambaa, husimama dede, kisha huenda tata. Ukiyataja hivyo kwa mfululizo, waweza kudhani kwamba ni vituo vya reli, kila kimoja kina saa yake, na treni ikichelewa stesheni moja kuna aibu. Hapo ndipo wazazi hukosana na amani. Kina mama wawili wakikutana kisimani, wa kwanza huuliza, "Wako keshakaa?" na yule wa pili akijibu bado, hurudi nyumbani na ndoo nzito kuliko alivyotarajia. Na sisi kina baba tu vibaya zaidi, kwa maana huwa hatuulizi, twajisifu tu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2006 habari za watoto zaidi ya 800 waliotazamwa kwa makini katika nchi za Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, watoto wenye afya na malezi mema. (Brazili pia ilikuwamo katika kazi hiyo, kwa upande wa kupima uzito na urefu.) Walikaa kitako bila ya kushikwa, wa kwanza karibu na miezi 4, wa mwisho baada ya miezi 9. Walisimama peke yao kati ya miezi 7 na 17. Kwenda bila ya kushikwa, wengine walianza wakiwa na miezi 8 na wengine miezi 17 na nusu, na wote walikuwa wazima. Tena wapata 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliruka kituo hicho, wakaenda zao. Basi mtoto wa jirani akitembea na miezi 9, na wako akaanza na miezi 15, hakuna aliyeshinda.

Twasisitiza jambo hili la mpangilio kwa sababu katika nchi hizi limewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Mnalijua neno kigego. Kamusi zetu zingali zinalo: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Katika sehemu nyingi za pwani na bara yake, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa nyumba yake, na zamani wengine waliuawa. Kosa lao lilikuwa jino tu.

Binti yetu alipokuwa na miezi 7, bibi yake alikuwa akimlisha uji, na kijiko kikagonga kitu. Akatazama. Jino lilikuwa juu, na chini ufizi mtupu. Bibi hakusema neno. Aliweka bakuli chini, akamfunika mtoto mdomo kwa upindo wa kanga yake, kisha akatuomba kwa sauti ndogo tusimwambie mtu mpaka la chini litoke. Sisi hatukumkemea. Tulimwuliza, naye jioni ile akatueleza kwamba mama yake mzazi alikuwa na mdogo wake ambaye jina lake halikutajwa nyumbani kwao hata siku moja, na yeye alipokuwa msichana aliuliza sababu, akaambiwa, "Alianza juu." Basi hofu ile haikuwa ujinga wa mtu mmoja. Aliirithi, na alikuwa akimlinda mjukuu wake kwa njia aliyoijua.

Mama yake mtoto alisikiliza yote. Siku ya soko ilipofika, alimbeba binti ubavuni, bila ya kumfunika, akazunguka naye kwa wauza samaki na wauza nyanya, na kila aliyemchekea mtoto alichekewa naye, na jino likaonekana. Wengine walinyamaza. Mzee mmoja aligeuza uso. Muuza vitunguu alisema, "Huyu atakula nyama mapema," na watu wakacheka. Baada ya wiki tatu meno mawili ya chini yalitoka. Yangalichelewa miezi mitatu, jambo lingekuwa lile lile, kwa maana watoto wengi huanza chini na baadhi huanza juu, wala hapana maana nyingine. Bibi ndiye aliyeyaona ya chini kwanza, na ndiye aliyetuletea habari, naye siku hiyo alimwimbia mtoto mpaka wote wawili wakalala.

Mambo ya meno hayajaisha. Siku hizi hawaui vigego, lakini katika wilaya nyingi wako waganga wa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Mtoto akiharisha au akipata homa, humtazama ufizi, huona uvimbe mweupe mahali ambapo jino litatoka, husema hilo ndilo ugonjwa, kisha hulichimbua kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli. Kile wanachokitoa ni jino la kweli la mtoto, ambalo halijakomaa. Kuhara hakukutoka huko. Mtoto hubaki na kuhara kwake, na juu ya hayo ana jeraha, hupoteza damu, na chuma kile chaweza kumtia pepopunda na maradhi mengine ya damu. Wazee wenye sauti katika vijiji, twawaomba mliseme jambo hili waziwazi, maana karani akisema huonekana anajidai, lakini mzee akisema husikiwa.

Tazameni tena utosi. Kina bibi huuona utosi wa mtoto umebonyea, nao husema mtoto ni mgonjwa sana. Wanasema kweli kabisa. Utosi uliobonyea ni dalili ya kukaukiwa maji mwilini. Shida ni kwamba wengine huchukua dawa wakaipaka utosini, hali maji yametoka tumboni. Jicho lao limeona sawasawa na mkono umekwenda pasipo. Mtoto huyo apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale yachanganywayo kwa kipimo, na aendelee kunyonya, na apelekwe kwa mganga wa zahanati siku ile ile, akapewe na vidonge vya zinki. Akiwa amelegea au hawezi kunyonya, msingoje asubuhi.

Wapata mwezi wa tisa kidole gumba na kidole cha shahada hupatana, na mtoto aliyekuwa akichota vitu kwa kiganja kizima huweza kuokota punje moja ya mchele. Sisi twaona jambo hili ni kubwa kuliko kutembea, ijapokuwa hakuna ashangiliaye. Kuku hutembea pia. Lakini ni siku hiyo hiyo ambapo nyumba yapasa kupangwa upya: mafuta ya taa yasikae katika chupa ya soda, mafiga yazungushiwe kizuizi, vidonge vya bibi vipande juu. Na mwezi huo wa tisa ndio wa chanjo ya surua na rubela, ambayo hurudiwa miezi 18. Wengi huja mara ya kwanza. Mara ya pili kliniki huwa nyeupe, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na wazazi hudhani kazi imekwisha.

Maneno ya kwanza tutayapita upesi. Binti yetu alisema "baba" kabla ya "mama", nasi tulitembea kwa maringo siku mbili, mpaka tulipomsikia akimwita mbuzi kwa jina hilo hilo.

Mmesikia tukisema kwamba tofauti za miezi si jambo la kuogofya. Msichukue maneno hayo mkalala nayo. Mtoto wa miezi 3 asiyekutazama usoni wala kucheka; mtoto asiyeshtuka kwa sauti kubwa; mtoto aliyepita miezi 9 asiyeweza kukaa; mtoto wa chini ya mwaka atumiaye mkono mmoja tu na mwingine ukalala; mtoto aliyejua jambo kisha akalisahau: hao wapelekwe wakaonwe, tena mapema, kwa kuwa viungo vya mtoto mchanga hufundishika. Kuna nyumba, nanyi mnazijua, ambazo mtoto wa namna hiyo hufungiwa chumba cha nyuma, na mgeni akija huambiwa watoto ni watatu hali ni wanne. Hatutataja jina. Lakini mwalimu apitaye kuandikisha watoto wa shule, na mjumbe ajuaye kila mlango, hao wanaweza kuuliza kwa upole, na kurudi kuuliza tena.

Mmoja wenu ameuliza kabla hatujaanza, kwamba twaandika nini katika lile daftari letu. Ni daftari la shule la kawaida, lenye mistari mitatu ya kusimama: tarehe, uzito, na jambo jipya. Baba huandika, mama husema, maana yeye ndiye aonaye. Ukurasa wa mwisho wa mwaka wasema: kilo 8.9, meno 6, juu 4 na chini 2, asimama dede akishika kitanda, hajaenda tata, asema "baba", "mama" na "pa", na hiyo ya mwisho ni paka. Aogopa wageni wenye ndevu. Daftari liko hapa mezani, na atakaye kulitazama na aje.