Mkopo, Daftari na Mizani

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya waokotaji, wachuuzi na wakulima wa Mwakirunge, upande wa Kisauni, Mombasa.)



Najua kwamba saa moja ya mtu wa Mwakirunge ina thamani yake, kwa maana lori la taka halimngoji mtu, na aliye mbali lifikapo hukuta wenziwe wamekwisha chukua kilicho bora. Kwa sababu hiyo sitakawia katika maamkizi.

Nimeombwa niwaeleze msaada ambao Serikali huwapa wenye biashara ndogo. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda bodi za mikopo wilayani kwa ajili ya wafanya biashara Waafrika. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani waliandika taarifa juu ya Kenya, wakasema kwamba fundi wa juani na mchuuzi asiye na leseni si watu wa kufukuzwa bali wa kusaidiwa. Mwaka 1986, na tena mwaka 1992, Serikali ikayatia mambo hayo katika hati zake. Kisha ikaja Sheria ya mwaka 2012.

Mimi kazi yangu ni kufasiri. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza nilikwama penye maneno mawili ya Kiingereza ambayo sisi twaweza kuyaita yote mawili "biashara ndogo". La kwanza lamhusu mwenye watu wa kazi wasiofika kumi, na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. La pili lamhusu aliyempita huyo, mpaka watu hamsini na shilingi milioni tano. Nikajiuliza, mama auzaye viazi vya karai kando ya njia ni yupi? Ni huyo wa kwanza. Sheria yamtambua, ingawa yeye hajapata kuisikia.

Sasa nije katika fedha. Tarehe 30 Novemba, 2022, ulianzishwa mfuko uitwao Hustler Fund. Mtu mwenye kitambulisho na simu iliyoandikishwa kwa jina lake hupiga *254#, akaomba, akapewa. Kiasi kiliwekwa kuwa kati ya shilingi 500 na 50,000, na riba ya shilingi nane katika kila mia kwa mwaka. Ulipoanzishwa, mkopo ulikuwa wa siku 14. Katika kila mia, shilingi tano hazitiwi mkononi mwako bali huwekwa akiba kwa jina lako. Basi mwenye kuomba 500 hupokea 475, na zile 25 ni zake bado.

Najua mnacheka. Shilingi 475 ni kitu gani? Lakini tafadhalini, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme muokotaji hana unga nyumbani siku ya Jumatatu. Huenda kwa mnunuzi wa plastiki akapewa shilingi 300, na mnunuzi hamtajii riba hata kidogo, humwambia tu, "Mali yako utaniletea mimi." Jumamosi huleta kilo 60. Bei ya wengine ni shilingi 15 kwa kilo, yeye hupewa 12, kwa kuwa amefungwa na deni. Zimepotea shilingi 180, na bado zile 300 zakatwa. Kwa hiyo amelipa shilingi 180 kwa kuazimwa 300 muda wa siku sita! Shilingi 500 za ule mfuko, kwa siku 14, riba yake ni shilingi moja na nusu hivi.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mkopo usiotajwa riba ndio mkopo ulio ghali kuliko yote, na mtu hauoni kwa sababu haulipi kwa fedha. Huulipa kwa kilo.

Sisemi kwamba mnunuzi ni mtu mbaya. Yeye naye ana lori la kukodi, na kiwandani hungojeshwa malipo yake. Wala sisemi kwamba Serikali imefanya yote ipasavyo. Siku 14 ni chache mno kwa mtu akusanyaye mali mpaka ijae gari, na mkulima wa mihogo hawezi hata kuufikiria muda huo. Tena wengi waliokopa hapo mwanzo hawakurudisha, wakidhani ni sadaka ya uchaguzi. Mtu wa namna hiyo amejifungia mlango mwenyewe, kwa maana kiasi cha kukopeshwa huongezeka kwa yule alipaye.

Kwa watu wa kazi kama yenu naona faida kubwa zaidi katika kikundi. Tangu Juni 2023 mfuko huo hukopesha na vikundi vilivyoandikishwa, kwa riba ya saba katika mia. Kikundi chaweza kununua mizani yake chenyewe na kukodi lori lake. Lakini kikundi kisicho na daftari ni ugomvi unaongoja siku. Andikeni: nani ameleta nini, kilo ngapi, amelipwa ngapi, tarehe gani. Daftari la mistari latosha, na mtoto wa darasa la sita aweza kuwasaidia.

Wenye kununua vyuma chakavu wakumbuke Januari 2022, biashara hiyo ilipopigwa marufuku nchini kote kwa sababu ya wizi wa nyaya za umeme na vyuma vya reli. Ilipofunguliwa tena mwezi wa Mei, waliotakiwa ni wenye leseni. Asiye na karatasi hakuwa na pa kushtakia.

Tena ipo Sheria ya mwaka 2022 juu ya taka. Yaagiza taka zitenganishwe tangu nyumbani, na kaunti ziweke mahali pa kuzichambua. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa, taka nyingi za mji zaletwa kwenu hapa, pamoja na harufu na moshi wake. Ikiwa mahali pa kuchambulia patajengwa, kazi hiyo atapewa nani? Kampuni itakayotoka mbali, au ninyi mlioifanya kwa mikono mitupu? Kaunti haiwezi kupatana na umati wa watu. Hupatana na kikundi chenye jina, mwenyekiti na hesabu. Jambo hili lisingoje mpaka tangazo litokee.

Mwisho, bwana mmoja ameniuliza kabla ya mkutano kama ile mizani ya kuning'iniza ni ya haki. Mimi siwezi kujua kwa kuitazama, wala yeye. Kila mizani ya biashara yapasa kukaguliwa na afisa wa vipimo na kupigwa muhuri. Kesho mtakapopima mali zenu, utafuteni muhuri huo kwanza. Msipouona, mwulizeni mwenyewe kwa adabu. Na asipojibu, andikeni barua kwa afisa wa vipimo wa Kaunti, watu kumi watie sahihi. Barua hiyo nitawasaidia kuiandika leo hii, kabla hatujatawanyika. Mwenye kalamu na aje mbele.