Safari ya Siku Moja kwenye Maonyesho ya Zama za Mwamko

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakazi wa kata wanaozungumza Kiswahili, Saint Paul, Minnesota



Kila mwaka, majira ya joto yanapoelekea ukingoni, watoto wa kata hii hurejea nyumbani kutoka uwanjani na ombi lile lile: wapelekwe Shakopee wakawaone wapanda farasi waliovaa deraya. Wazazi wengi hulipokea ombi hilo kwa kusitasita, na hawakosei. Tiketi, mafuta ya gari na chakula cha watu sita vinaweza kumeza matumizi ya nyumbani ya wiki nzima. Aliyezoea kufanya kazi zamu ya usiku atalazimika kuutoa usingizi wake wa Jumamosi. Na juu ya hayo lipo swali ambalo mzazi hulisema kwa sauti ya chini: wafalme wa Ulaya wa miaka mia tano iliyopita wana uhusiano gani na mtoto aliyezaliwa Uvira, Kigoma au Eldoret?

Kwanza ifahamike kinachokwenda kutazamwa. Zama za Mwamko ni jina la kipindi kilichoanza Italia katika karne ya 14 na kuenea Ulaya hadi karne ya 17, ambapo elimu ya kale ilifufuliwa, sanaa ikashamiri na merikebu zikavuka bahari. Lakini maonyesho yenyewe hayakutoka Ulaya. Ni zao la Marekani. Mwaka 1963, mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron waliandaa maonyesho ya kwanza ya namna hii huko Los Angeles, California, ili kuchangia redio ya KPFK iliyotegemea michango ya wasikilizaji. Minnesota Renaissance Festival ilifuata mwaka 1971. Hufanyika Jumamosi na Jumapili, kuanzia katikati ya Agosti hadi kuelekea mwanzo wa Oktoba, pamoja na Jumatatu ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwezi Septemba. Uwanja uko kusini-magharibi mwa miji yetu miwili, ng'ambo ya mto Minnesota.

Kwa hiyo asitarajie mtu kuingia makumbusho. Ni mchezo mkubwa wa kuigiza ambao mtazamaji hutembea ndani yake. Muuza mishumaa hujifanya raia wa kijiji cha Kiingereza, malkia hupita na wapambe wake, mhunzi hufua chuma mbele ya watu. Wote huzungumza Kiingereza cha kubuni chenye ladha ya kale, ambacho hata wenyeji hawakielewi sawasawa. Kwa mzazi anayejifunza lugha hiyo, siku hii ina nafuu yake: pale uwanjani kila mtu anabahatisha.

Sasa suala la fedha, ambalo ndilo huamua mengi. Tiketi inunuliwe mapema. Bei za mapema na punguzo la watoto hutangazwa kwenye tovuti ya maonyesho, na asiye na kompyuta au mashine ya kuchapia nyumbani anaweza kuzitumia zile za maktaba ya umma. Wapo wazazi ambao bado huogopa maktaba kwa sababu ya kitabu kilichopotea zamani au kucheleweshwa. Tangu mwaka 2019 maktaba za Saint Paul hazitozi faini ya kuchelewesha kitabu, kwa hiyo mlango huo uko wazi.

Tiketi, hata hivyo, ni mwanzo tu. Ndani ya lango kila hatua ina kitu kinachouzwa: upanga wa mbao, taji la maua, kupanda ngamia, kurusha shoka. Mtoto asiyewekewa mpaka nyumbani atauwekea mfuko wa baba mpaka wake mwenyewe. Familia zilizofanikiwa ni zile zinazompa kila mtoto bahasha yake asubuhi, kiasi kidogo kinachojulikana, na kumwachia achague. Atakayenunua upanga saa nne asubuhi atatazama wenzake wakila barafu saa nane mchana. Somo hilo la hesabu halihitaji mwalimu. Noti ndogo ndogo zichukuliwe pia, kwa kuwa wachezaji wa majukwaani hupitisha kofia mwisho wa mchezo, na sehemu kubwa ya riziki yao hutoka humo.

Chakula kinahitaji busara zaidi. Maonyesho mengi ya aina hii hayaruhusu chakula kutoka nje kupita langoni, kwa hiyo masharti ya mwaka husika yasomwe kabla ya kufunga mzigo, hasa kuhusu maji ya kunywa na chakula cha mtoto mchanga. Njia inayofaa ni kula vizuri nyumbani, chapati na maharage au wali uliobaki, kisha kuacha kasha la barafu ndani ya gari kwa ajili ya kurudi. Ndani panunuliwe kitu kimoja cha kugawana. Paja la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi ndilo limekuwa nembo ya maonyesho haya, na moja hutosha watu wawili au watatu. Familia ya Kiislamu isikubali kwamba nyama ikiwa si ya nguruwe basi yatosha. Iulize, na isipopata jibu la kuridhisha ichukue mahindi ya kuchoma. Inachekesha kidogo kwamba bata mzinga, mahindi na viazi, vinavyoliwa pale kwa jina la Ulaya ya kale, vyote asili yake ni bara hili la Amerika. Katika miaka ya 1500 vilikuwa vigeni huko Ulaya kama mahindi yalivyokuwa mageni kwenye mashamba ya Afrika Mashariki.

Safari yenyewe ni fupi, ila barabara inayoelekea uwanjani hufurika magari kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Anayefika lango linapofunguliwa hupata maegesho ya karibu na hewa isiyo na vumbi. Familia mbili zinaposhirikiana gari moja, zisihesabu vichwa tu. Sheria ya Minnesota, iliyoimarishwa Agosti 2024, inataka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu kwa umri na umbo lake, kiti cha kumwinua kitumike hadi afikishe angalau miaka 9 au mkanda wa gari umkae ipasavyo, na aliye chini ya miaka 13 akae nyuma inapowezekana. Kumpakata mtoto kwa kuwa mwendo si mrefu ni kosa, na ni hatari.

Ardhi ya uwanja ni ya udongo na majani. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hukwama. Mbeleko ni bora. Viatu viwe vya kufunika vidole. Mvua ikinyesha usiku, patakuwa na tope. Isiponyesha, patakuwa na vumbi, na mwenye pumu asisahau dawa yake. Kuhusu mavazi, mgeni halazimiki kukodi kitu. Kanzu na kofia ya viwa, au gauni refu la kitenge na kilemba, humfanya mtu aonekane amekuja kama balozi kutoka ng'ambo, na hakuna atakayemshangaa. Kwa haki ya historia ni lazima isemwe kwamba kanga ni kijana wa karne ya 19, hivyo bibi anayeivaa atakuwa amewatangulia wenzake kwa miaka mia tatu.

Hapa ndipo swali la mzazi linaporudi: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko mabango ya maonyesho yanavyoonyesha. Mwaka 1511 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliandaa mashindano ya mikuki huko Westminster kusherehekea kuzaliwa kwa mwanawe. Wasanii waliyachora kwenye hati ndefu ya kukunjwa ambayo imehifadhiwa London hadi leo. Kati ya wapiga tarumbeta waliopanda farasi yumo mtu mweusi, mwenye kilemba kichwani, na anaonekana mara mbili. Jina lake ni John Blanke. Hesabu za nyumba ya mfalme zinaonyesha kwamba mwaka 1507 alilipwa peni 8 kwa siku. Baadaye alimwandikia mfalme ombi kwamba mshahara huo haumtoshi, akaomba uongezwe hadi peni 16, na akakubaliwa. Mzazi aliyewahi kumwandikia mwajiri wake barua ya namna hiyo atamwelewa mtu huyu bila mkalimani.

Si yeye peke yake. Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo aliwaandikia wafalme wa Ureno barua nyingi, na katika barua ya mwaka 1526 alilalamikia waziwazi biashara ya watumwa iliyokuwa ikimaliza watu wake. Huku pwani yetu, Wareno waliopora Kilwa na Mombasa mwaka 1505 walirudi mwishoni mwa karne hiyo kujenga ngome. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati kwa kanuni za ujenzi za Zama za Mwamko zenyewe, na umbo lake ukilitazama kutoka juu hufuata mwili wa binadamu. Mtoto wa Mombasa ana jengo halisi la zama hizo mjini kwao, wakati kuta za Shakopee ni mbao zilizopakwa rangi. Picha ya John Blanke inapatikana kwa urahisi. Ichapishwe maktabani, mtoto aende nayo, na wapiga tarumbeta watakapoingia uwanjani awe na la kuwaambia wenzake.

Lipo jambo jingine lisiloandikwa kwenye tovuti yoyote, na ndilo zito kuliko yote. Katika kata hii wamo watoto, na wamo watu wazima, waliokimbia milio ya bunduki. Maonyesho haya ni mchezo, lakini yana panga zinazogongana, watu wanaoanguka wakijifanya wamekufa, umati unaopiga kelele na, katika baadhi ya maonyesho, mizinga inayolipuliwa kwa baruti. Mtoto anaweza kucheka asubuhi nzima kisha mlipuko mmoja ukamrudisha mahali ambapo familia yake ilidhani amepasahau. Na mara nyingi si mtoto: ni baba yake, ambaye hatasema neno.

Mzazi anayejua kuna jeraha la aina hiyo nyumbani asiifute safari kabla ya kuuliza. Apige simu mapema ajue saa za mapambano na kama kuna milipuko. Amwonyeshe mtoto picha za wapanda farasi siku mbili kabla, amweleze kwamba mikuki ya mchezo hutengenezwa ili ivunjike kwa urahisi. Wakae pembeni, karibu na njia ya kutokea, si katikati ya umati. Vifaa vya kuziba masikio ni vya bei ndogo. Na wakubaliane neno moja la lugha ya nyumbani ambalo yeyote akilitamka, mkubwa au mdogo, wote huondoka bila maelezo na bila lawama, hata kama tiketi imelipiwa. Yako majukwaa ya wachekeshaji, muziki na wanasesere upande mwingine wa uwanja, na siku nzuri inaweza kupita bila kuona upanga hata mmoja.

Kwa watakaotazama mikuki, uzio uheshimiwe. Mwaka 1559 Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alichomwa jichoni na kibanzi cha mkuki uliovunjika katika mchezo kama huu, akafa siku kumi baadaye, naye alikuwa na matabibu bora wa zama zake. Upanga wa mbao ulionunuliwa nao ubaki umefungwa hadi nyumbani. Maonyesho mengi hudai silaha yoyote ifungwe kamba kwenye ala.

Mwisho ni hofu ya kupoteana. Umati ni mkubwa na simu huweza kukosa mtandao. Asubuhi, kabla ya kuachana na gari, mtoto mdogo aandikiwe namba ya simu ya mzazi kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika haraka. Pachaguliwe mahali pa kukutania pasipohama: mti mkubwa au jukwaa lenye jina, si muuza puto. Mtoto afundishwe kumwendea mfanyakazi wa lango au mama mwenye watoto, na kusema jina lake kamili. Kwa kuwa waigizaji wote wamevaa kizamani, aonyeshwe mapema wahudumu wa kweli wanavyotambulikana. Kisha ipigwe picha ya safu ya maegesho gari liliposimama, kwa sababu saa moja jioni magari yote yatafanana, na watoto watakuwa wamelala mabegani.