Kabla ya Kubishana juu ya 104



Tangu asubuhi tunavutana juu ya takwimu moja. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria kwamba Tanzania inapoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Wengine mnashangilia, wengine mnasema zimepikwa. Mimi ni muuguzi, na kabla ya kuja huku nilikuwa mdadisi wa kaya. Hivi mnajua takwimu hiyo inapatikanaje?

Hapa Sweden kila mtu ana namba yake, utaratibu ulioanza 1947, na kifo kinaandikwa. Kwetu vifo vingi haviandikishwi. Kwa hiyo anatumwa binti na dodoso, anamwomba mwanamke wa miaka 15 hadi 49 awataje ndugu zake wote wa tumbo moja, walio hai na waliokufa. Kwa kila dada aliyefariki akiwa amefikia umri wa kuzaa anauliza: alikuwa mjamzito? Alifia kwenye uzazi? Au alikuwa ametoka kujifungua?

Sasa swali hilo liulizwe mama mkwe akiwa pembeni anachambua mchele! Dada aliyefariki kwa kutoa mimba ataambiwa "aliumwa tumbo", basi. Ndiyo maana faragha inatafutwa kwanza, ukiikosa unarudi kesho. Swali unalisoma kama lilivyoandikwa, bila kumlisha mtu maneno. Akinyamaza, nawe nyamaza. Mara nyingi jina la marehemu hutoka baada ya kimya hicho.

Tatizo lingine halisemwi. Kila marehemu anaongeza maswali. Mdadisi amechoka, gari linapiga honi, posho haijafika (posho ya mdadisi sijui huwa inapitia wapi), atakuwa na hamu gani ya kumtafuta marehemu mwingine?

Sisemi 104 ni uongo. Vituo vingi vya afya vimeongezewa upasuaji wa dharura, na hilo linaokoa watu. Ila anayepinga, na anayeshangilia pia, aulize wadadisi walifunzwa siku ngapi, na msimamizi alirudia kaya ngapi.

Mapema 2025 Marekani ilisitisha mpango uliokuwa ukisaidia tafiti hizi. Kwa hiyo napendekeza barua yetu kwa ubalozi hapa Stockholm iombe serikali itenge fedha zake yenyewe kwa mafunzo na posho za wadadisi kabla ya utafiti ujao.

Naomba kutoa hoja.